Usimpime Mtu Kabla Hamjala

“Kati ya miji yote mitatu, ni upi ambao fundi anaweza kukaa mlangoni?”

Baba aliniuliza hivyo asubuhi moja ya Desemba, mimi nikiwa nimeketi juu ya sanduku langu ndani ya duka lake la ushonaji, hapa Kensington, Johannesburg. Nilikuwa nimetoka uwanja wa ndege moja kwa moja. Miguu ilikuwa bado imevimba kwa safari, na daftari langu la maelezo lilikuwa mapajani, limejaa hadi jalada la nyuma. Hakunitazama alipouliza. Alikuwa amefumba jicho moja, anapitisha uzi kwenye tundu la sindano. Nilikuwa nimekaa Amerika miezi minne, nimeitembelea miji hiyo kwa niaba yake, na nilikuwa na maoni juu ya kila kitu, kuanzia mabasi hadi mikate.

Swali lake halikuwa la mzaha. Duka la baba ni chumba chembamba kwenye barabara kuu, kati ya kinyozi na mama mmoja anayeuza unga wa muhogo, samaki wakavu na sombe, yaani majani ya muhogo, iliyogandishwa. Ndani kuna cherehani mbili, lakini ile anayoitumia kila siku ameiweka kizingitini kabisa, miguu miwili ndani, miwili nje. Ukimuuliza atasema ni kwa ajili ya mwanga umeme ukikatika. Si kweli. Siku ambazo umeme upo anakaa palepale. Anakaa mlangoni ili watu wampite. Anapita mlinzi anayetoka zamu ya usiku, wanapita wanawake wa kwaya, wanapita watoto wa shule wenye zipu zilizokwama. Anapita mzee mmoja Mzulu ambaye husimama, akashika kiuno, akamweleza baba habari ndefu kwa Kizulu. Baba humjibu kwa Kiswahili cha kwetu Uvira, Kongo. Wamefanya hivyo miaka kumi sasa. Sijui wanaambiana nini, na nimeshaacha kuuliza, jambo ambalo kwangu si la kawaida.

Tulifika Johannesburg mimi nikiwa na miaka miwili. Mama alifariki nilipokuwa darasa la nne, tukabaki wawili. Kama kila familia ya Kikongo ninayoijua hapa, tulikuwa na faili. Faili ni maombi ya mkimbizi kupelekwa nchi ya tatu, na kanisani kwetu watu hawaulizani habari za afya, huulizana habari za faili. “Faili linasemaje?” “Bado limelala.” “Eh, la jirani limeamka, wanaenda Nebraska.” Hakuna aliyejua Nebraska ni nini. Tulipiga makofi, tukaimba, tukawasindikiza, na wiki mbili baadaye zikaanza kuja picha za watu tuliowafahamu wakiwa wamesimama mbele ya nyumba za mbao, wamevaa makoti makubwa kuliko wao.

La kwetu liliamka nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni Braamfontein. Baba alipigiwa simu, akaenda, akarudi na bahasha ambayo aliiweka ndani ya mashine ya pili, chini ya kifuniko. Aliniambia kwamba anatakiwa kuandika jina la ndugu au rafiki aliyeko Amerika, ili tupelekwe karibu naye, na kwamba amepewa muda wa kufikiri. Majina aliyokuwa nayo ni matatu. Mwezi huohuo mimi nilichaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja katika chuo fulani cha Ohio, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Baba alisema ni mkono wa Mungu. Mimi nilisema ni bahati mbili zimegongana, kama magari kwenye robot, taa za barabarani, iliyozimika.

“Basi wewe utakwenda kunitazamia,” alisema.

“Kutazama nini?”

“Mji. Jumamosi na Jumapili huna masomo. Utapanda basi, utakwenda kwa hawa watu mmoja mmoja. Utawapelekea nguo niliyowashonea, utawapima upya, na utatazama mji unakaaje. Halafu utaniambia niandike jina la nani.”

“Papa, si wakutumie vipimo kwa simu?”

“Mtu akijipima, anajidanganya.”

“Wapimwe na wake zao.”

“Mke anadanganya zaidi. Kwa mapendo.”

Akanipa utepe wake wa kupimia, ule wa zamani wenye ncha ya bati, na masharti mawili. La kwanza: usimpime mtu kabla hamjala pamoja. La pili: mpime mara mbili, Jumamosi jioni na Jumapili asubuhi, kwa sababu mwili wa jioni si mwili wa asubuhi.

“Lakini wateja wa hapa unawapima mara moja tu,” nilimwambia. “Dakika mbili. Wengine wako mguu mmoja nje.”

“Hao ninawaona kila siku. Wale siwaoni.”

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili na nilikuwa nimejijengea sifa ya kuuliza. Nikiwa na miaka tisa nilimuuliza mchungaji, mbele ya kanisa, Nuhu aliwalisha nini simba. Chuoni wahadhiri walikuwa wakiniona nimeinua mkono wanatazama saa. Lakini karatasi iliyokuwa ndani ya bahasha ile sikuomba kuiona. Niliamini tu kwamba jina langu lilikuwa chini ya la baba, kama lilivyokuwa kwenye kila karatasi tuliyowahi kuijaza tangu nijue kusoma.

*

Dayton ilikuwa ya kwanza kwa sababu ilikuwa karibu. Huko anaishi mtu ambaye zamani alikuwa mlinzi wa jengo moja Braamfontein, na sauti ya juu ya wanaume kwenye kwaya yetu. Si ndugu wa damu, lakini sisi Wakongo rafiki wa baba ni tonton, yaani baba mdogo, na nilimwita hivyo tangu utoto. Alinipokea kituoni kwa gari lenye kiti kimoja cha rangi tofauti na vingine. Mkewe alikuwa amepika ugali, samaki wa mchuzi na kitu cha kijani ambacho alisema ni sombe, na ambacho hakikuwa sombe. Tulikula. Nikatoa shati.

Lilikuwa shati zuri, jeupe, lenye mstari wa kitenge ndani ya kola, ambao mtu hauoni mpaka mwenyewe afungue kifungo cha juu. Tonton alilivaa mbele ya kioo cha sebuleni. Vifungo vya chini vilikubali kwa shida. Cha shingoni kilikataa.

Nilipitisha utepe. “Tonton, Papa amekata arobaini na moja. Wewe ni arobaini na tano.”

“Si mimi, ni gari,” alisema. “Huku hata kumsalimia jirani unaenda na gari. Mwili wote umekaa. Kinachofanya mazoezi ni shingo peke yake. Inatazama kushoto, kulia, nyuma. Imekuwa na misuli.”

“Na tumbo?” mkewe aliuliza kutoka jikoni. “Tumbo nalo linatazama nyuma?”

Siku ya pili baada ya ibada alinipeleka kuona ndege. Watu wa Dayton wanajivunia kwamba mtu wa kwanza kuruka angani alitoka kwao, na wamejenga mabanda makubwa kiasi kwamba ndege zimepangwa ndani kama viatu sokoni. Kuingia ni bure, na tonton huenda mara mbili kwa mwezi. Alinionyesha ndege moja nzee ya mbao na kitambaa, akainama kuangalia mshono wa bawa. “Mwambie baba yako,” alisema, “hawa walishona. Kabla ya kuruka walishona.” Kisha tukapita mjini kwa gari, kwenye barabara pana ambazo zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya watu wengi kuliko waliokuwepo. Nyumba nzuri zenye mbao madirishani. Mito inayokutana bila mtu kuitazama. “Mji huu ulivumbua kuruka,” tonton alisema, “halafu watu wake wakaruka, wakaenda zao.” Mwanamke mzee aliyeketi kwenye kibaraza chake alitupungia mkono, tukampungia. Niliandika kwenye daftari: *Wanapunga. Hawasimami.*

Baba alinipigia Jumapili ileile. Kwake ilikuwa saa tatu usiku, na nilisikia mvua ya mawe ikigonga mabati ya duka.

“Mlikula nini?”

“Samaki. Papa, sikiliza, usafiri wa mabasi Dayton ni—”

“Wa mchuzi au wa kukaanga?”

“Wa mchuzi. Mabasi yanapita kila baada ya saa moja, na njia za miguu katikati ya mji—”

“Walikupa blanketi ngapi?”

Nilikasirika kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kutoa ripoti, naye alikuwa ananihoji kama daktari wa watoto. Nilimpa vipimo, akasema anaandika. Siku tatu baadaye akanitumia ujumbe: kipimo cha mkono wa kushoto hakilingani na wa kulia, nirudi nikapime tena. Nikarudi. Mkono ulikuwa uleule. Tulikula maharage.

*

Nikae hapa kidogo kwenye mji wa chuo, kwa kuwa baba sikumwambia ukweli wake. Ulikuwa mji safi wenye miti mirefu na watu wapole. Kila mtu aliniuliza hali yangu na kila mtu aliendelea kutembea kabla sijajibu, kwa hiyo nikajifunza kujibu mgongo. Ijumaa saa tisa alasiri wanafunzi waliondoka na mabegi, wakaenda kwao, na korido ya bweni letu ikawa kimya mpaka unasikia friji ya jikoni ikipumua. Ijumaa ya kwanza nililala saa kumi na mbili jioni ili siku iishe. Baada ya hapo nilikuwa na kazi ya baba, na Ijumaa nilikuwa naweka utepe mfukoni na kwenda kituoni. Nilijiambia namfanyia hisani mzee wangu.

Lexington ilikuwa kwa shangazi, mdogo wake baba, aliyekuwa msusi hapa Johannesburg na sasa anasafisha vyumba vya hoteli. Bado anasuka Jumapili, jikoni kwake, na wateja wake hukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilipoingia alinishika mashavu, akanigeuza kama mtu anayekagua nyanya.

“Eh, mama yangu! Wamekufanya mwembamba hivi? Wanakulisha vitabu?”

“Nakula, Tantine.”

“Unakula nini? Nyamaza. Kaa.”

Tulikula mara mbili kabla hajaniruhusu kutoa utepe. Gauni la kitenge alilotumiwa lilimkaa vizuri kila mahali isipokuwa mabegani. Mabega yalikuwa yamepanuka. “Magodoro,” alisema, huku akijitazama. “Ninageuza magodoro kumi na nne kwa siku. Mwambie kaka yangu asikate tena mabega ya msichana. Akate ya askari.”

Lexington ni mji wa farasi. Ukitoka tu mjini unakuta uzio wa mbao unaopanda na kushuka vilima bila mwisho, na ndani yake majani ya kijani ambayo nilidhani yamepakwa rangi. Alfajiri ya Jumapili shangazi alinipeleka mahali ambapo farasi wa mashindano hufanyishwa mazoezi, na yeyote anaruhusiwa kutazama. Wazee wenye kofia, wasichana, wanaume wawili Wakongo wanaofanya kazi zizini, wote walikuwa wameegemea uzio, kila mmoja na kikombe cha kahawa, hakuna anayesema. Kisha ardhi ikaanza kugonga chini ya viatu vyetu, farasi wakapita kwenye ukungu, na tuliona tu mvuke wa pua zao. Watu wakatoa pumzi pamoja. Wakarudi kwenye ukimya. Nilitafuta kasoro ya jambo lile, nikaipata baadaye, lakini pale uzioni sikuwa nayo.

“Farasi wa huku ana daktari wake,” shangazi alisema njiani. “Ana mtu wa meno. Ana blanketi la mvua na blanketi la baridi. Mwambie kaka yangu aje ashonee farasi. Ndio wenye nguo.”

Nilimpa baba utani huo kwenye simu. Aliuliza kwa dhati, “Farasi kifuani ana sentimita ngapi?”

“Papa!”

“Nauliza tu. Na Tantine yako, mabega yanamuuma?”

Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa nimeandika namba tu. Nilirudi Lexington mara tatu, kila mara kwa kosa jipya ambalo baba alidai kulipata kwenye vipimo vyangu. Mara ya tatu nilikuwa nimeshajifunza kumsugua shangazi mafuta ya mwarobaini kwenye mabega tukiwa tunatazama tamthilia, na yeye akinisuka. Niliandika: *Mlango wake unafunguka kwenye ngazi ya ghorofa ya tatu. Hakuna anayepita isipokuwa wa ghorofa ya nne.*

*

Erie iko juu kabisa, kwenye ziwa ambalo huoni ng'ambo yake. Niliifikia mwishoni mwa Novemba, na theluji ilikuwa imefika kabla yangu. Wa huko alikuwa fundi aliyefundishwa kazi na baba hapa dukani, mtu mzima sasa, ana mke na mtoto wa kike wa miaka mitano anayeelewa Kiswahili na kujibu Kiingereza. Anashona kiwandani, vifuniko vya viti vya magari. Nilimuuliza anashona sehemu gani. Aliichora mezani kwa kidole: mstari mmoja uliopinda.

“Ni huo tu?”

“Huo tu. Mwingine anashona wa upande wa pili. Sijawahi kuona kiti kizima.”

Kumpima ilikuwa kama kumenya kitunguu. Alivua koti, akavua sweta, akavua sweta, akavua fulana ya mikono mirefu, akavua nyingine. Mtoto wake alikuwa anahesabu kwa sauti. Alipofika kwenye mwili wenyewe tulikuwa tunacheka hadi utepe ukaniponyoka.

Asubuhi nilisikia kitu kinakwaruza nje. Nilichungulia. Mzee mmoja mweupe, jirani wa mkono wa kulia, alikuwa anasukuma theluji kwa sepetu kutoka mlango wa mwenyeji wangu hadi barabarani. Alimaliza, akageuka, akaingia kwake.

“Anafanya hivyo kila siku,” mke wa fundi alisema. “Tangu mwaka jana.”

“Mnamlipa?”

“Hata jina lake hatujui. Hasalimii. Ukimsalimia anatikisa kichwa kama mtu aliyeumwa na nyuki.”

“Sasa ninyi mnafanyaje?”

Alinionyesha sahani iliyofunikwa kitambaa. Ilikuwa na maandazi. Aliiweka kwenye ngazi ya yule mzee, akabisha mara moja, akakimbia kurudi, anateleza, anacheka. Alasiri sahani ilikuwa kwenye ngazi yetu, imeoshwa, imekaushwa, kitambaa kimekunjwa pembe nne. Hapakuwa na barua.

Tulikwenda ziwani. Ufukoni mchanga na theluji vilikuwa vimechanganyika, na mawimbi madogo yalikuwa yanaganda yakiwa bado yanatembea. Mtoto alitaka kujua kama upande wa pili ni Afrika. Baba yake alimwambia hapana, ni Kanada. “Basi Afrika iko upande upi?” aliuliza. Alinitazama mimi. Nilizunguka mara moja nikitafuta jua, halikuwepo, nikaonyesha mahali popote.

Jumapili ile nilimweleza baba habari za sahani. Nilisema siwezi kuamua: je, huo ni urafiki au ni watu wawili wanaokwepana kwa adabu? Kwa mara ya kwanza hakuniuliza nilikula nini. Alisema, “Kitambaa kilikunjwa pembe nne?”

“Ndiyo.”

“Sawa,” alisema. Nikasikia cherehani ikianza upya.

*

Kwa hiyo asubuhi ile ya Desemba, nikiwa juu ya sanduku, nilikuwa na kila kitu isipokuwa jibu. Nje ya mlango Kensington ilikuwa inapita. Mama wa unga wa muhogo alikuwa ameshakuja mara mbili kunikumbatia. Nilijaribu. Nilisema Dayton wana kibaraza lakini hawasimami. Nilisema Lexington kuna shangazi, na ghorofa tatu. Nilisema Erie mlango wenyewe hufukuliwa kwanza. Nilisema mambo ya mabasi, ya bima, ya baridi. Nilisema kila mji ulikuwa na kitu ambacho sitakisahau na kwamba hakuna hata mmoja ambao ningeweza kumwona yeye amekaa ndani yake. Nilijisikia nikisema, na niliona ninachofanya, lakini nilikuwa mtu wa kusema ukweli, nikaendelea.

Yule mzee Mzulu alipita, akasimama. “*Usebuyile?*” aliniuliza, umerudi? Akamwambia baba maneno marefu. Baba akamjibu kwa Kiswahili, “Ndiyo, amerudi, amenona kidogo,” wakacheka.

Alipoondoka baba alikata uzi kwa meno. “Basi tutabaki,” alisema.

“Papa, usiamue kwa maneno yangu.”

“Nimeshaamua. Nenda ukaoge.”

Muda si mrefu baada ya hapo mlango wenyewe wa Amerika ulifungwa kwa wakimbizi. Mafaili yaliyokuwa yameamka yalilala tena, na kanisani watu waliokwisha kugawa vyombo vyao walizunguka nyumba kwa nyumba kuviomba. Shangazi alipiga simu akilia: laiti kaka yangu angeandika jina langu mapema. Mimi nilikuwa nimekaa pale nikisikiliza. Baba alikuwa anaanza kushona kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Nilijua kwamba kuna daktari wa macho Lexington kwa sababu nilikuwa nimepita mbele ya kibao chake mara nne. Niliwaza: nilitumwa kutazama miji, nikatazama kasoro. Mtu mwingine angerudi akasema, Papa, kule watu wanaegemea uzio pamoja alfajiri. Papa, kule sahani hurudi imeoshwa. Nilikuwa na mambo hayo daftarini. Niliyasoma kama mwanasheria wa upande wa pili.

Nilijaribu kumwomba radhi mara mbili. Mara ya kwanza alisema nimletee chai. Mara ya pili alisema chai haina sukari.

Siku hizi nafanya kazi kwenye ofisi ya utafiti huko Braamfontein, na Jumamosi naja dukani kumsaidia yale yanayohitaji macho. Nakata, napima, nachora. Baba hajawahi kununua karatasi ya kukatia nguo. Kila kola, kila mfuko, kila mkono una sura yake iliyokatwa kwenye karatasi iliyokuwa na kazi nyingine: kalenda za kanisa, magazeti, mitihani yangu ya hesabu. Zimetungwa kwenye msumari nyuma ya mashine ya pili, mamia, na kila moja ameandika nyuma kwa penseli ni ya nani.

Mwezi uliopita tonton wa Dayton aliomba shati jingine. Baba akaniambia nianze na kola ya zamani, niiongeze sentimita nne. “Vipimo vyako viko daftarini,” alisema, kama kwamba alikuwa amevisubiri. Nilipekua msumarini mpaka nikaipata: karatasi nyembamba iliyopinda kidogo kama mwezi, na nyuma yake, kwa mwandiko wake, *Dayton, kola, 41*. Ni ile ya shati jeupe nililolibeba mimi mwenyewe kwenye sanduku, Agosti ile, wiki ya kuondoka.

Niliigeuza ili niichore. Upande wa pili ulikuwa umechapwa kwa Kiingereza: karatasi ya bahasha ile. Mkasi ulikuwa umebakiza mistari mitatu tu. Wa kwanza ulisema mwombaji ameelezwa kwamba mtoto aliyefikisha miaka ishirini na mmoja hahesabiwi kwenye faili la mzazi. Wa pili ulikuwa na visanduku viwili, kukubali na kukataa, na alama ya kalamu ya baba ilikuwa kwenye kukataa. Wa tatu ulikuwa wa idadi ya watu wanaoruhusiwa kusafiri, na mbele yake mtu wa ofisi alikuwa ameandika: mmoja.